Kisimbuzi cha kebo au antena: chaneli za HD zikipotea Marekani

Oktoba 2012, FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, iliziruhusu kampuni za kebo zilizohamia dijitali kikamilifu kufunga kwa msimbo hata kifurushi cha chini. Kampuni zilipofanya hivyo, televisheni zilizokuwa zikionyesha chaneli za ABC, CBS, NBC na PBS kwa waya wa kebo wa ukutani tu, bila kisimbuzi, zikabaki giza. Dawa ni mbili: kisimbuzi cha kebo, au antena ya kunasa chaneli hizo hewani.

Kwa gharama antena inashinda wazi: unanunua mara moja, matangazo ni bure. Kisimbuzi kwa kawaida hukodishwa kwa mwezi, na kila televisheni inataka chake. Tena uliza kabla ya kusaini, kwani baadhi ya visimbuzi vidogo havitoi HD kabisa!

Picha ya antena mara nyingi ni safi zaidi, maana kebo huibana ili ipitishe chaneli nyingi. Lakini antena husumbuliwa na vilima, maghorofa na umbali wa mnara. Kebo haijali hayo.

Mpangaji mwenye baraza yake mwenyewe inayotazama minara, kanuni ya FCC inakulinda kuweka antena hapo hata mwenye nyumba akinung'unika. Anayeishi bondeni, au asiyeweza kukosa ESPN na CNN ambazo hazirushwi hewani, kebo bado inamfaa.