Kung'oa chogo kwenye gari-nyumba la zamani: TV ipi ununue

Ukinunua gari-nyumba la kati ya 1995 na 2005 hapa Marekani, lile kubwa kama basi ambalo wenyewe wanaliita RV, kuna uwezekano mkubwa utakuta kabati juu ya kioo cha dereva, na ndani yake TV ya chogo. Nyingine iko chumbani, imebanwa kwenye kona juu ya kitanda kama mzinga wa nyuki. Ya kwangu ya mbele ilikuwa inchi 27, karibu kilo 40. Tuliishusha wawili, mimi na shemeji, na katikati ya kazi tukaegemea ukuta kupumua. Mzigo huo ulikuwa umekaa juu ya kichwa cha dereva miaka ishirini, barabarani.

Na kazi hauna. Stesheni kubwa za Marekani zilizima analojia tarehe 12 Juni 2009. Waliokuwa Dar mwisho wa 2012 wanakumbuka tulivyokimbilia ving'amuzi. Hapa pia unaweza kuweka king'amuzi kwenye chogo ukapata picha, ila utakuwa umelipia kubakiza kilo 40.

Antena ya juu ya paa, ile ya kuinua kwa mpini na yenye mabawa mawili, usiitupe. Mawimbi ya dijitali yanapita kwenye masafa yaleyale ya UHF na VHF, kwa hiyo inafanya kazi vizuri. Tafuta swichi ndogo ukutani yenye taa: hiyo ndiyo inayopeleka umeme kwenye kikuza mawimbi cha antena. Isipowaka, TV mpya haitakamata chochote nawe utailaumu bure. Ila ukichomeka kebo ya TV ya kambini, pale magari haya yanapoegeshwa kulala, zima swichi hiyo.

Onyo moja kwa wanaopenda kurudi na mizigo: usibebe TV kutoka Dar au Dubai. Kipokezi chake ni cha mfumo wa DVB, na huku wanarusha kwa ATSC. Antena haitakusaidia kitu.

Sasa futi mkononi. Chogo lilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, TV za leo ni 16 kwa 9. Kioo cha chogo la inchi 27 kilikuwa na upana wa sentimita 55 hivi na kimo cha 41. TV mpya ya inchi 32 ina karibu kimo hichohicho, 40, lakini upana wake ni 71 kabla hujahesabu fremu. Haitaingia kwenye tundu la zamani. Itakaa mbele yake. Ukiing'ang'aniza iingie ndani utaishia kwenye inchi 24, yaani 53 kwa 30, na watoto watakuuliza kwa nini umenunua TV mpya ndogo kuliko ya zamani.

Ziba tundu kwa ubao wa plaiwudi wa milimita 18, uufunge kwenye mbao za fremu ya kabati. Ukuta wa gari-nyumba ni kipande chembamba kama kadibodi, skrubu zikiingia humo peke yake zitachomoka kwenye shimo la kwanza la barabara. Breketi iwe ya kufunga kwa kufuli au pini wakati wa safari. Nyuma ya TV kuna matundu manne ya skrubu. Angalia umbali wake, milimita 75, 100 au 200, ununue breketi inayolingana. Mimi nilipima upana vizuri sana nikasahau kwamba mlango wa kabati la pembeni unafungukia upande huo. Mpaka leo unafunguka nusu.

Kuhusu umeme, wauzaji wa vifaa vya magari haya watakwambia lazima ununue TV ya volti 12, kwa sababu inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, inakula betri. Tupige hesabu. TV ya inchi 32 ya leo inakula kama wati 35. Moja kwa moja kwenye betri ni kama ampea 3. Ukipitisha kwenye inveta ndogo, pamoja na upotevu wake, sema 4. Kwa saa tatu za filamu ni ampea-saa 9 dhidi ya 12. Betri ya kawaida ya maji ya ampea-saa 100, ambayo ni busara kutumia nusu yake tu, inabeba zote mbili bila kulalamika. Kinachomaliza betri ni kuwasha inveta kubwa ya wati 2,000 kwa ajili ya TV peke yake, maana hiyo inakula hata ikiwa haina mzigo.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu.

Ya kwanza ni TV ya kawaida ya nyumbani, inchi 32, pamoja na inveta ya wati 300 ambayo boksi lake limeandikwa "pure sine wave", yaani mawimbi laini kama ya umeme wa nyumbani. TV yenyewe ni kama dola 100 hadi 150, kilo 4 au 5. Inveta za bei poa zenye mawimbi ya ngazi huwa zinaleta mvumo kwenye spika na kupasha moto adapta. Dukani fanya jambo moja ambalo watu watakushangaa: chuchumaa, uitazame TV kutoka chini. Ya mbele inakaa juu ya macho yako, na vioo vingine vya bei ndogo vikitazamwa kutoka chini picha inakuwa nyeusi. Ikififia, iache hapo hapo.

Ya pili, na kwa chumbani naipa namba moja, ni TV ya inchi 24 yenye adapta ya nje. Geuza uisome nyuma. Ikiandikwa 12V DC, unaweza kuilisha kutoka kwenye betri bila inveta, lakini pitisha kwenye kidhibiti volti, kwa sababu betri ya 12 inapochajiwa hupanda hadi 14 na kitu, na TV hizi hazikutengenezwa kwa hiyo. Weka fyuzi. Ikiandikwa 19V, irudi kwenye inveta.

Ya tatu ndiyo TV ya magari yenyewe, ya volti 12, kama za Jensen. Ni nzuri, inavumilia kupanda na kushuka kwa volti na mitikisiko. Bei ndiyo kasoro: kwa inchi chache utalipa karibu mara mbili. Anayelala porini wiki nzima bila jenereta, anunue bila kusita. Sisi wengine tunaolala kambini penye soketi tunalipia sifa tusizozitumia.

Monita ya kompyuta na kijiti cha kutiririsha video za intaneti? Haina kipokezi, mara nyingi haina spika. Projekta inapendeza usiku tu. Inchi 43 kwenda juu waachie wenye sebule.

Ukipata TV ya intaneti, iunganishe na kuisajili ukiwa nyumbani kabla ya safari, na ujue video ya HD inaweza kula hadi GB 3 za data ya simu yako kwa saa. Kwa watani wa jadi, Simba na Yanga, gharama hiyo haijadiliwi: mechi ya saa kumi na moja jioni Dar, huku Texas wakati wa kiangazi ni saa tatu asubuhi, chai mkononi.

Ukishafunga kila kitu, usishtuke TV ya mbele ikizimika unapowasha injini. Magari mengi ya aina hii yana rilei inayokata umeme wake ili dereva asitazame. Mtu mmoja namjua alirudisha TV mbili dukani kabla hajaambiwa.

Chogo lenyewe usilipasue wala kulifungua, ndani kuna umeme unaobaki hata likiwa limechomolewa, na kioo chake kina risasi. California wanalihesabu kuwa taka hatari. Lipeleke kituo cha taka za elektroniki. Wengine wanatoza ada kidogo. Tundu lake, nyuma ya ubao, tumelifungulia kimlango pembeni. Humo sasa wanakaa mablanketi mawili na sufuria ya ugali.