Visu vya randa ya mashine: kutega kwa kijiti au kwa geji ya saa?

Hapa Mafinga mbao za paina za shamba la miti la Sao Hill zinapita kwenye randa kutwa, na visu vikikaa vibaya ubao unakuonyesha papo hapo. Ukitoka na kishimo mwishoni, visu viko juu kuliko meza ya kutolea, yaani ile ubao unapotokea baada ya kupita kwenye visu. Ukigonga ukingo wa meza hiyo, viko chini.

Mimi natumia kijiti. Zima umeme kwenye swichi kubwa kwanza. Laza kijiti kilichonyooka juu ya meza ya kutolea, kipite juu ya visu. Chora alama usawa wa ukingo wa meza, na ya pili milimita 3 nyuma yake. Zungusha ngoma inayoshika visu kwa mkono: kisu kiburute kijiti kutoka alama hadi alama, kwenye ncha zote mbili za kila kisu. Bolti za visu zikaze kidogo kidogo kwa zamu, maana ukikaza kwa pupa kisu hupanda.

Geji ya saa, kipimo chenye mshale unaozunguka kama wa saa, husoma hadi sehemu ya mia ya milimita. Ila ni ghali, na ikidondoka sakafuni usiiamini tena mpaka uihakiki. Karakana yenye mashine kadhaa iinunue. Kwa mashine moja ya kunyoosha fremu za milango, kijiti kinatosha kabisa.