Treni ya SGR Dar–Morogoro kwa wikendi ya ghafla na familia

Hesabu za mwezi kazini zimefungwa, mitihani ya watoto imeisha, na ni Ijumaa mchana. Safari inayofaa ni hii: Dar hadi Morogoro, kilomita kama 190, chini ya saa mbili kwa treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, bila foleni ya Kimara wala Chalinze. Ilipoanza 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, wa chini ya hapo bure. Kata tiketi mtandaoni siku hiyohiyo, maana treni za wikendi hujaa, na familia inayochelewa huishia kukaa mabehewa tofauti.

Stesheni, fika saa nzima kabla. Mabegi yanapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege na vitambulisho vinakaguliwa. Geti likifungwa, limefungwa.

Kasoro kubwa iko upande wa pili: stesheni ya Morogoro ipo Kihonda, mbali na mjini. Madereva wa bajaji wanamjua mgeni kwa begi la magurudumu, kwa hiyo patana bei kabla mtoto hajapakiwa.

Jumamosi, pandeni milima ya Uluguru kuelekea Morningside, eneo lililo juu ya mji. Ni saa mbili hadi tatu kwa miguu, kwa hiyo anzeni saa 1 asubuhi. Mchana mawingu hushuka na udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Viatu vya kanda mbili viacheni hotelini. Mwenye mtoto wa mgongoni abebe kanga mbili: huko juu kuna baridi.