Uzoefu wangu: kukaa na wafugaji wa yaki huko Tagong

Huduma hii ya kukaa na familia ya Kitibeti inayofuga yaki, yaani ng'ombe wa manyoya marefu wa nyanda za juu zenye baridi, katika nyanda za Tagong, eneo la Garze, magharibi mwa jimbo la Sichuan nchini China, niliinunua kwa wakala mmoja wa Chengdu, mji ninakosoma. Bei ilijumuisha usafiri, mkalimani, chakula na malazi, na wakala aliahidi kwamba mgeni atashiriki kazi za kambini. Ahadi hiyo ilitimizwa kikamilifu.

Kazi huanza alfajiri, na wanaokamua ni wanawake. Yaki majike, ambao Watibeti huwaita dri, hufungwa kwenye kamba ndefu iliyotandazwa chini. Ndama huachwa anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha huvutwa kando, utaratibu ambao yeyote aliyekulia kwa wafugaji wa Afrika Mashariki atautambua mara moja. Maziwa ya kila mmoja ni machache lakini yana mafuta mengi, na ndiyo maana siagi haikosekani hata katika chai, inayotiwa chumvi badala ya sukari. Mama mwenye hema alinifundisha kukanda tsampa, yaani unga wa shayiri iliyokaangwa, ndani ya bakuli la chai hiyo hadi ushikane, na mkono uliozoea tonge la ugali hujifunza upesi.

Hema lenyewe lilinistaajabisha kuliko yote. Limefumwa kwa manyoya magumu meusi ya yaki, na mvua inaponyesha nyuzi hujaa maji, zikavimba na kuziba matundu, ilhali moshi wa samadi kavu, ambayo ndiyo kuni za mahali pasipo miti, hutokea kwenye uwazi wa juu. Familia nyingi siku hizi zimehamia mahema mepesi ya turubai, kwa hiyo ni vyema kuomba mapema familia yenye hema jeusi.

Lalamiko langu kubwa ni kwa wakala, wala si kwa wenyeji. Chengdu iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari na Tagong takriban 3,700, na barabara hupita njia ya mlimani iliyo juu ya mita 4,200. Hata hivyo tulipandishwa kwa siku moja bila kuonywa kuhusu ugonjwa wa mwinuko, unaompata mtu anayepanda haraka mahali penye hewa nyembamba, na msafiri mwenzangu alitapika usiku kucha kwa maumivu ya kichwa. Jambo hili ni la hatari na halipaswi kuachwa kwa bahati. Vilevile, wakala hakusema ni sehemu gani ya malipo inayoifikia familia, swali ambalo kila mteja ana haki ya kuliuliza.

Nenda Julai au Agosti, mifugo ikiwa kwenye malisho ya juu. Mei na Juni watu wengi huwa milimani wakichimba yartsa gunbu, uyoga wa dawa unaowapatia fedha nyingi. Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano, na ningeongeza ya tano endapo wakala angewalaza wageni Kangding, mji wa njiani ulio chini kuliko Tagong, usiku mmoja kabla ya kupanda.