Uzoefu wangu na tovuti ya wasifu wa shule: ukiisoma shule ndogo, hesabu vichwa

Nyota tatu kati ya tano. Ni mojawapo ya zile tovuti zinazoipa kila shule ya serikali ya Marekani ukurasa wake: ufaulu wa kusoma na hisabati, nafasi ya shule katika jimbo, mchanganuo wa wanafunzi, uwiano wa walimu. Kwa shule ya watoto 600 sina neno. Mimi nimeitumia zaidi kwa shule za chekechea hadi darasa la 5 zenye watoto kama 120, na hapo ndipo nyota mbili zilipodondoka.

Anza na hesabu ambayo ukurasa haukufanyii. Sheria ya elimu ya shirikisho ya mwaka 2015, ESSA, inataka watoto wapimwe kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8. Kwa hiyo katika shule ya watoto 120, madarasa sita ya watoto 20 kila moja, waliofanya mtihani ni 60 tu. Chekechea, la kwanza na la pili hawamo kabisa, ingawa ndiko mtoto anakojifunza kusoma. Katika darasa moja, mtoto mmoja ni pointi 5 za asilimia. Wawili wakiamka na homa siku ya mtihani, ufaulu wa darasa unaweza kuyumba kwa pointi 10 bila mwalimu kubadilisha chochote.

Kasoro kubwa zaidi imejificha. Tovuti inaandika "45%" kana kwamba mtu amehesabu. Hakuna aliyehesabu hivyo. Faili la takwimu la serikali ya shirikisho, ambamo tovuti huchota namba zake, huficha takwimu za makundi madogo ili mtoto asitambulike. Kundi la mtoto mmoja hadi watano halionyeshwi. La 6 hadi 15 utaambiwa tu kama liko chini ya 50% au limefika hapo na kuendelea. La 16 hadi 30 hupewa, badala ya namba kamili, tabaka (kutoka asilimia fulani hadi nyingine) la pointi kama 20, na la 31 hadi 60 tabaka la pointi 10. Shule yetu ya watahiniwa 60 imeandikwa "40–49%", yaani watoto 24 hadi 29, na tovuti ikachukua katikati. Sasa tazama kinachofuata: mwaka huu wamefaulu 29, mwakani 30. Shule imevuka tabaka, na ukurasa unatangaza 45% kuwa 55%. Pointi 10 kwa mtoto mmoja! Nafasi katika jimbo nayo inapangwa kwa namba hizohizo za katikati, kwa hiyo mshale wa kijani wa "imepanda" msiupe uzito wowote kwa shule ya ukubwa huu.

Alama ya maendeleo, ile inayomlinganisha mtoto na alama zake za mwaka uliopita, ni bora kuliko ufaulu mtupu kwa sababu haiiadhibu shule kwa kupokea watoto walioanzia chini. Lakini darasa la 3 halina mtihani wa nyuma wa kulinganisha. Kwa shule yetu basi inasimama juu ya watoto 40 tu, tena ikiwa wote walikuwepo mwaka jana.

Kwenye mchanganuo wa wanafunzi, safu ya chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu ndiyo inayopotosha zaidi. Kwa kawaida bure ni kwa familia zenye kipato kisichozidi 130% ya mstari wa umaskini, na nafuu hadi 185%. Ila kuna mpango unaoruhusu shule kuwalisha wote bure bila fomu. Kizingiti chake kilikuwa 40% ya wanafunzi waliotambuliwa moja kwa moja kuwa wanastahili, kwa mfano kupitia msaada wa chakula wa serikali, kikashushwa hadi 25% mwaka 2023. Baadhi ya shule zilizo kwenye mpango huo huripotiwa 100%. Ukikuta 100%, usisome "wote ni maskini". Soma "wote wanakula bure".

Safu ya rangi na asili ya wanafunzi ina vyumba, yaani makundi, saba tu vya shirikisho. Mtoto mweusi wa familia iliyotoka Mombasa juzi na mweusi mwenzake ambaye babu wa babu yake alizaliwa jimbo la Georgia wote wako chumba kimoja. Ukitaka kujua kama shule imezoea watoto wenye lugha nyingine nyumbani, angalia idadi ya wanaojifunza Kiingereza. Na msishtuke ufaulu wao ukiwa chini: anayekimudu Kiingereza hutolewa kwenye orodha, kwa hiyo wanaobaki kwa kawaida ni wale ambao bado.

Uwiano wa "12 kwa 1" si ukubwa wa darasa. Humo wamo walimu wa elimu maalumu, wa muziki na wa michezo, na wa nusu wakati huhesabiwa nusu. Chumba kinaweza kuwa na watoto 20 vilevile.

Kagua pia mwaka ulioandikwa chini kwa herufi ndogo, maana takwimu huchelewa mwaka mmoja au miwili. Masika ya 2020 mitihani ilifutwa nchi nzima, na ya 2021 watoto wengi hawakuifanya katika majimbo kadhaa, kwa hiyo mstari wa grafu unaopita hapo ni wa kubahatisha. Usilinganishe shule za majimbo mawili; kila jimbo lina mtihani wake na alama yake ya kufaulu.

Nyota tatu nilizobakisha ni za kuona miaka mingi na shule jirani kwenye skrini moja, bila malipo. Baada ya hapo nenda kwenye kadi ya ripoti ya jimbo, yaani takwimu rasmi za jimbo kuhusu kila shule, tafuta idadi ya waliopimwa, jumlisha miaka mitatu, na uangalie utoro sugu: mtoto aliyekosa angalau 10% ya siku, yaani 18 katika mwaka wa siku 180.