TAHADHARI: "Core i7, RAM 16GB, SSD 1TB" kwa bei ya kutupa

Mpiga picha, ukikutana na tangazo la laptopu iliyotumika lenye maneno hayo tu, usitume hata senti kabla hujapewa namba kamili ya prosesa (ubongo wa kompyuta). Anayeandika "Core i7" kisha akanyamaza anajua anachoficha. i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini (cores) viwili tu, wakati i5-8250U ya 2017 ina vinne, na kwenye kuhariri picha hiyo i5 inaiacha mbali. Kizazi cha prosesa husomwa kwenye tarakimu za mwanzo baada ya kistari: 7500U ni cha 7, 8250U ni cha 8, 1135G7 ni cha 11. Chini ya kizazi cha 8, ukiondoa prosesa chache mno, Windows 11 haiungwi mkono rasmi, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Wapo pia wanaobadilisha jina la prosesa ndani ya rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake) ili ukifungua ukurasa wa taarifa za mashine uone unachotaka kuona. Tembea na flashi yenye programu ya CPU-Z. Hiyo inaisoma chipu yenyewe.

Utapeli unaoumiza zaidi mpiga picha uko kwenye diski. SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) ya bandia huwa na chipu ndogo, tuseme 64GB, ila programu yake ya ndani imefundishwa kujitangaza kuwa 1TB. Mwanzoni kila kitu kinakwenda sawa. Ukishavuka ujazo halisi, data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani bila onyo lolote: majina ya mafaili yapo, ukubwa upo, lakini picha ukiifungua nusu yake ni kijivu au haifunguki kabisa. Na hakuna fundi wa kuirudisha, kwa sababu haipo tena. Dawa ni programu ya H2testw, inayojaza nafasi yote iliyo wazi kisha kuisoma upya. Huchukua muda mrefu, kwa hiyo mkubaliane na muuzaji mapema. Akikataa, ondoka.

Kwenye laptopu mpya za bei nafuu kuna ujanja mwingine: "64GB + 1TB". Hiyo 64GB ni eMMC (hifadhi ya bei rahisi) iliyochomelewa kwenye bodi, na 1TB ni hifadhi ya mtandaoni ya mwaka mmoja. Mashine hizo mara nyingi hubeba Celeron N4020 na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya 4GB isiyoongezeka. Barua pepe na kuandika zitafanyika, lakini kuhariri RAW (picha ghafi za kamera) ni mateso.

Kioo kikague kwa macho. Fungua picha ya uso wa mtu, kisha kisukume nyuma na kukirudisha mbele. Rangi ya ngozi ikigeuka au vivuli vikabadilika, hiyo ni TN (aina duni ya kioo), hata kama tangazo lilisema IPS (aina bora). Angalia pia kwenye mipangilio kama idadi ya nukta za kioo ni 1920×1080 kweli, maana 1366×768 huuzwa kwa jina la "HD" na wengi hawaulizi. Hata IPS ikiwa ni ya 45% NTSC (kipimo cha wigo wa rangi), inaonyesha takriban theluthi mbili tu za sRGB, yaani wigo wa rangi wa kawaida. Utazidisha wekundu ukidhani picha imepauka, halafu mteja aione kwenye simu yake uso ukiwa mwekundu kama wa mtu aliyeungua jua.

Betri: andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt na ulinganishe ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa. Kama 50,000 mWh imebaki 25,000, umebaki na nusu ya betri. Kisha chomoa chaji uitumie nusu saa, kwa sababu ripoti peke yake hudanganya pale betri ilipofunguliwa na kuchezewa.

La mwisho, na hili usiliruke: laptopu za makampuni ambazo hazikufutwa kwenye usajili. Mwambie muuzaji airudishe kwenye hali ya kiwandani (reset) mbele yako, muiunganishe na intaneti wakati wa kuiwasha mara ya kwanza. Ikidai akaunti ya kampuni usiyoijua, imefungwa kwa Autopilot (mfumo wa Microsoft wa kusajili mashine za makampuni), na kupiga Windows upya hakuondoi kifungo hicho. MacBook nayo ikidai akaunti ya Apple ya mtu mwingine, usiichukue. Ingia BIOS pia (mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows): ikiomba nywila ambayo muuzaji hana, au namba ya utambulisho wa mashine (serial number) iliyomo ikitofautiana na ya stika ya chini, mrudishie mashine yake kabla hela haijatoka mfukoni.