Adobe InDesign kwa Kazi Zinazorudi: Kalenda, Vyeti na Vitabu

Anayetaka kutengeneza bango moja la harusi au stika ya duka, kazi ikaisha leo na isirudi tena, hahitaji Adobe InDesign, na akiilipia atakuwa ametupa fedha. Programu hii ya kupanga kurasa za kuchapwa, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1999 na hatimaye kuchukua nafasi ya PageMaker, programu ya zamani ya kazi hiyo hiyo, faida yake huonekana katika kazi zinazorudi: kalenda ya kila mwaka, jarida la kila mwezi, ripoti ya taasisi ambayo sura yake haibadiliki sana, vyeti vya wahitimu, vitabu vya kiada vyenye sura kumi na mbili zinazofanana umbo. Katika kazi za aina hiyo muda mwingi wa msanifu hauishii katika kubuni bali katika kurudia, na tathmini hii inaitazama InDesign kwa swali moja tu: inampunguzia kiasi gani huko kurudia?

Msingi wa yote ni mitindo. Kila aina ya aya hupewa jina na sura yake, kwa mfano Kichwa 1, Kichwa 2, Matini na Maelezo ya Picha, na chini ya jina hilo huhifadhiwa fonti, ukubwa, rangi na nafasi kati ya mistari. Siku mteja akiamua kwamba vichwa viwe vya kijani badala ya bluu, marekebisho hufanyika mahali pamoja na ripoti nzima hufuata, hata iwe na kurasa mia mbili. Mitindo huweza pia kurithiana, yaani Kichwa 2 kikajengwa juu ya Kichwa 1 na kutofautiana nacho kwa ukubwa tu, na kila mtindo unaweza kuelezwa ni upi unaoufuata, kiasi kwamba orodha ndefu ya majina na vyeo huchaguliwa yote na kuvikwa mitindo yake kwa agizo moja.

Lipo jambo ambalo wengi hulipita bila kulitilia maanani, nalo kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote katika programu hii. Maandishi yanapohamishwa kutoka waraka mmoja kwenda mwingine, na nyaraka zote mbili zina mtindo wenye jina lile lile, unaoshinda ni mtindo wa waraka unaopokea. Maana yake ni kwamba msanifu anayetumia majina yale yale katika kazi zake zote anaweza kuchukua maandishi ya ripoti ya mwaka jana, akayamwaga katika kiolezo kipya, nayo yakavaa sura mpya papo hapo. Anayeita mtindo wake "Kichwa" leo, "Heading" kesho na "kichwa mpya final" keshokutwa amejinyima mwenyewe faida hiyo. Ni kwa sababu hiyo hiyo mtindo wa kuanzia uitwao Basic Paragraph haufai kutumiwa kabisa: upo katika kila waraka, na hubadilika sura kila unapohamishwa.

Kalenda ya ukutani ni mfano unaoonyesha vizuri tofauti kati ya kufanya kazi na kuijenga. Kila ifikapo Novemba, makampuni, shule, misikiti na makanisa hutaka kalenda kwa wakati mmoja, na wapo wasanifu wanaokesha wakipanga tarehe za Januari hadi Desemba upya kana kwamba hazijawahi kupangwa. Hesabu yake ni ndogo. Tarehe 1 Januari lazima iangukie mojawapo ya siku saba za wiki, na kila mwanzo una sura mbili, ya mwaka wa kawaida na ya mwaka mrefu wenye 29 Februari. Jumla ni kalenda 14, wala hakuna ya 15. Mwaka 2026 unaanza Alhamisi na una mpangilio ule ule wa 2015. 2027 unaanza Ijumaa kama ulivyoanza 2021. 2028, ambao ni mrefu, unaanza Jumamosi kama 2000. Mwenye violezo hivyo 14 amemaliza kupanga tarehe kwa maisha yake yote ya kazi.

Kinachobaki ni sikukuu, na hapo mitindo ya majedwali hufanya kazi iliyobaki. InDesign huruhusu mtindo wa jedwali ueleze mapema safuwima ya kwanza kushoto ivaeje, kwa hiyo wiki inayoanza Jumapili hupata wekundu wake bila mtu kuugusa. Kwa Tanzania, 12 Januari, 7 Aprili, 26 Aprili, 1 Mei, 7 Julai, 8 Agosti, 14 Oktoba na 9 Desemba hazihami, hivyo hukaa ndani ya kiolezo zikiwa tayari zimevikwa mtindo wa Sikukuu. Zinazohama ni Ijumaa Kuu na Pasaka, Idi zote mbili na Maulidi. Hizo ndizo za kukaguliwa kwa macho, maana kalenda mbili zinaweza kulingana kwa tarehe zote na bado zikatofautiana hapo: Pasaka ya 2015 na ya 2026 zote ni 5 Aprili, lakini Idi el-Fitri iliyokuwa katikati ya Julai 2015 ni ya Machi katika 2026, tena kwa kutegemea mwandamo wa mwezi. Kazi ya siku nzima imekuwa ukaguzi wa tarehe chache, na muda uliookolewa unaweza kwenda kwenye picha na nembo, ambako ndiko mteja anakotazama.

Eneo la pili lenye manufaa makubwa ni zana iitwayo Data Merge, inayochukua orodha ya majina kutoka Excel na kuizalisha kuwa vyeti, vitambulisho au kadi za mwaliko. Orodha huhifadhiwa kama faili ya CSV, yaani maandishi matupu yanayotenganishwa kwa koma, mstari wa kwanza ukiwa na majina ya safuwima kama Jina, Darasa na Namba. Kisha majina hayo hupandwa ndani ya muundo mmoja, na programu hutoa nakala moja kwa kila mtu. Picha nazo huingia kwa njia hiyo hiyo, ila jina la safuwima yake lazima lianze na alama ya @. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu Excel huidhani alama hiyo kuwa mwanzo wa fomula na kuikataa; dawa yake ni kutanguliza kistari cha juu, yaani kuandika '@Picha, na Excel hutulia. Alama ya # mbele ya jina la safuwima huzalisha msimbo wa QR, jambo linalofaa sana kwa vyeti vinavyohitaji kuhakikiwa. Kwa vitambulisho vidogo programu huweza kupanga vingi katika karatasi moja, mradi muundo wa awali uwe katika ukurasa mmoja tu. Anayehitaji mbele na nyuma itambidi azalishe mara mbili na kuwa mwangalifu na mpangilio wa upande wa nyuma.

Zana hii haisamehi orodha mbovu. Jina lililoandikwa kwa herufi kubwa zote litatoka hivyo hivyo, nafasi mbili kati ya majina zitachapwa, na jina refu lenye maneno manne litavuka fremu, yaani kisanduku kinachobeba maandishi, na kupotea bila kelele usipotazama alama nyekundu ya maandishi yaliyofurika. Kwa hiyo orodha isafishwe kabla ya kuingizwa, na fremu ya jina ipimwe kwa jina refu kuliko yote katika orodha, si kwa jina la kwanza.

Kwa vitabu nitakuwa mfupi, kwa kuwa uwezo wa InDesign huko unajulikana. Kurasa mama hubeba namba za kurasa na vichwa vya juu, na vichwa hivyo vinaweza kujisoma vyenyewe kutoka kichwa cha sura ili kisiandikwe mara mbili. Yaliyomo hujengwa kutokana na mitindo, ingawa hayajisasishi: ukiongeza kurasa tatu katikati na kusahau kutoa agizo la kusasisha, kitabu kitakwenda kiwandani na namba za zamani.

Kuna suala la Kiswahili ambalo nadra kutajwa. Maandishi yakiachwa chini ya kanuni za lugha ya Kiingereza, programu hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kufuata silabi za Kiingereza, na neno kama "wanafunzi" laweza kugawanywa mahali ambapo hakuna msomaji wa Kiswahili angeligawa. Katika safu nyembamba za jarida kasoro hii huzagaa ukurasa mzima. Njia niionayo bora ni kuzima ukataji wa maneno, au kuweka lugha kuwa No Language, ndani ya mtindo mzazi wa Matini, na kwa kuwa mitindo mingine yote imerithi kutoka kwake, tatizo huondoka katika waraka mzima na katika kila waraka utakaozaliwa na kiolezo hicho. Kwa safu nyembamba ni vyema pia kupanga maandishi kushoto badala ya kuyanyoosha pande zote mbili, maana maneno ya Kiswahili ni marefu na mapengo huonekana haraka.

Vipande vidogo vinavyotumika tena na tena, kama nembo ya mteja pamoja na anwani yake, jedwali la bei au kisanduku cha zoezi katika kitabu cha kiada, huweza kuwekwa katika maktaba. Zipo maktaba za mtandaoni zinazoshirikiwa na timu, na zipo za zamani zinazokaa kama faili ya kawaida kwenye kompyuta. Mimi huona hizi za pili zinafaa zaidi mahali ambapo bando ni ghali na intaneti hukatika, ingawa Adobe yenyewe huzitangaza zaidi zile za kwanza.

Kasoro kubwa ni malipo. Tangu mwaka 2013 Adobe iliachana na kuuza matoleo mapya ya kununua mara moja, na sasa InDesign hupatikana kwa usajili unaolipwa kila mwezi au kila mwaka. Kwa ofisi inayotoa jarida na ripoti mfululizo gharama hiyo hujilipa. Kwa msanifu wa peke yake anayepata kazi kwa misimu, malipo huendelea hata miezi ambayo hakuna kazi. Kasoro ya pili ni kwamba faili iliyohifadhiwa katika toleo jipya kwa kawaida haifunguki moja kwa moja katika toleo la zamani mpaka ihamishwe kwanza kuwa IDML, aina ya faili ya InDesign inayosomeka hata na matoleo ya nyuma, na si kila mteja au kiwanda cha uchapaji kina toleo la karibuni. Ya tatu ni ugumu wa kujifunza. Mtu aliyezoea CorelDRAW, programu ya kuchora na kusanifu ambayo imeenea katika maduka ya uchapaji, huiona InDesign kuwa nzito, kwa kuwa inadai maamuzi mengi kabla ukurasa wa kwanza haujaonekana. Siku za mwanzo kazi huwa ya polepole kuliko ilivyokuwa, na wengi huacha papo hapo, kabla ya kuifikia kazi ya pili ambayo ndiyo ingeanza kurudisha muda wao.

Mbadala upo. Scribus ni ya bure na ina mitindo na kurasa mama, ingawa mwendo wake katika nyaraka kubwa unahitaji uvumilivu. Affinity ina uzito zaidi kama mshindani: kampuni ya Canva iliinunua Serif, kampuni iliyoitengeneza Affinity, mwaka 2024, na tangu Oktoba 2025 programu hiyo hutolewa bure. Ina uunganishaji wa data wa aina ile ile, na hufungua faili za IDML, ingawa mpangilio wa majedwali hupaswa kukaguliwa baada ya kuhamishwa. Kwa anayeanza leo bila violezo vyovyote, ningemshauri aijaribu hiyo kwanza. Kwa mwenye mkusanyiko wake wa miaka ndani ya InDesign, kuhama kuna gharama yake, na hata akiamua kubaki ni busara ahifadhi nakala ya IDML ya kila kiolezo sasa, wakati usajili wake ungali hai na programu ingali inafunguka.